Zamu ya Kubeba Maneno

12 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko juu uliko, maana kila nikikufikiria nakuona umening'inia ghorofa ya ishirini, bisibisi mdomoni, watu wamekwama ndani ya lifti wanakuita mkombozi. Simu zangu hupokei, basi nimeamua kukuandikia. Barua huwezi kuikata katikati.

Huku wazima. Mama mzima, ila goti lake linalalamika kila akipanda ngazi, naye analijibu kwa sauti. Baba mzima. Wao wenyewe hawajaambiana kwamba wazima, lakini mimi nimewaona wote wawili leo asubuhi, mmoja karakana ya mbele, mmoja jikoni.

Kama unadhani mambo yamepoa, pole. Mwaka wa tisa huu baba hajamsemesha mama, na mama hajamsemesha baba. Baba akiwa na neno fupi, anachora bango. Unamjua, mchora mabango haandiki kikaratasi. Bafuni kuna ubao: MLANGO HUU UNA KOMEO, LITUMIKE. Kwenye kabati: NANI KAHAMISHA MIWANI? Herufi zina kivuli na pembeni maua. Mama naye ualimu haujamtoka. Anapita na chaki nyekundu anasahihisha: "Lugha ya ukali. Tano kwa kumi. Rudia kazi." Na baba, huyo baba yetu kichwa ngumu, anarudia! Kesho yake unakuta TAFADHALI LITUMIKE, amepata saba.

Maneno marefu nabeba mimi. Juzi walikutana kwenye korido, mimi katikati na ndoo. "Mwambie baba yako apishe." "Mwambie mama yako nimesikia." "Mwambie baba yako kama amesikia mbona hapishi." Nimesimama pale nageuza shingo kulia na kushoto, ndoo inanimwagikia miguuni.

Na wiki iliyopita nusura tuungue. Nilikwenda dukani. Mama amepitiwa na usingizi kwenye kiti, sufuria iko motoni, moshi umejaa. Baba akauona. Mtu mwingine angepiga kelele. Baba yako alitafuta ubao, akachora SUFURIA INAUNGUA, akatia kivuli, akausimamisha mbele ya mama, akakaa kusubiri aamke. Nilirudi nikakuta jiko jeusi tii, mama anakohoa, na ubao umeshasahihishwa: "Ujumbe mzuri, ila umechelewa. Sita kwa kumi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia kidogo.

Sasa niache kuzunguka. Nimepata nafasi chuo cha reli. Udereva wa treni. Usicheke, au cheka uishe. Masomo yanaanza tarehe mosi Julai. Wanachukua walio chini ya miaka thelathini na mitano, nami naitimiza Septemba, kwa hiyo mwakani hakuna. Nafasi ni hii au basi. Lakini nikiondoka, nani atabeba maneno? Watakuja kuungua kwa adabu nzuri.

Rudi nyumbani. Ni zamu yako. Ya nyuma sitayasema. Nimesema sitayasema.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu, dereva mtarajiwa,

Shikamoo. Nimesikia goti la mama mpaka huku. Mpe pole, na baba pia mpe pole, yoyote atakayoipokea.

Barua yako nimeisoma juu ya paa la lifti, taa kichwani, nikacheka hadi mwenzangu aliye chini akadhani nimepigwa na umeme. Ile sufuria! Nimewasimulia mafundi wote, sasa mtu akitaka nyundo hasemi, anaandika ukutani, anasubiri alama.

Mimi mzima. Wiki jana nilimtoa bwana harusi ghorofa ya kumi na moja. Alikwama saa mbili na mama mkwe wake. Mlango ulipofunguka hakutaka kutoka, walikuwa bado wanaongea. Kazi yangu ina mambo yake.

Hongera kwa treni. Kweli kabisa, moyo wangu umeruka. Tangu mdogo ulikuwa ukituendesha kwa amri, ilibaki mabehewa tu. Ningependa kuja, ila mwezi wa saba ni mwezi mbaya kwa lifti. Pia bosi wangu ana vikao. Pia nimeanza matibabu ya jino, sijui daktari atasemaje. Tuangalie mwezi wa kumi.

Hivi lile bango la mlangoni bado lipo?

Mdogo wako


2 Aprili

Wewe,

Mwezi mbaya kwa lifti! Lifti nazo zina msimu kama mafua? Na jino lako ni la kung'oa au la kutembea nalo? Nimempa mama pole zako, akanituma nimwambie baba kwamba zimefika na yeye pia amepewa. Baba akanituma nimwambie mama kwamba amesikia. Ukiona nimekonda, ujue ni kwa ajili ya korido.

Baba ameanza kuvaa miwani miwili kwa pamoja. Mama ameipa miwani hiyo nane kwa kumi.

Umeuliza bango. Lipo. BABA NA MWANA, WACHORA MABANGO. Kila Januari anapanda ngazi na kulipaka upya, neno MWANA analipaka mara mbili. Nilisema sitayasema ya nyuma, sasa umenichokoza, basi meza vidonge vyako. Siku uliyoondoka rangi ya bango lile ilikuwa haijakauka. Baba alikuchorea jina lako la kazi kabla hajakuuliza, nawe badala ya kusema sitaki, ulipita mlango wa nyuma. Mama ndiye aliyekufungulia. Baba alipouliza nani kafungua, mama akasema, "Mimi." Hilo ndilo neno la mwisho waliloambiana.

Ulidhani sijui? Nilikuwa kwenye ngazi. Sikulaumu kuondoka, baba ana mkono mzito kwenye maisha ya watu. Lakini ule ukimya uliuacha wewe, nikaubeba mimi, miaka tisa. Nina miaka thelathini na minne na kazi yangu ni "mwambie."

Chuo wanataka jibu kabla ya katikati ya Juni. Nawe nijibu kama mtu.

Dada yako


28 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sina habari za kuchekesha leo, ingawa jana nilibanwa suruali kwenye mlango wa lifti na nikapanda ghorofa tatu bila heshima yoyote.

Nimekaa na barua yako karibu wiki nane. Nimeibeba mfuko wa shati hadi imepata mafuta ya mashine. Naogopa, dada. Si mwezi wa saba wala jino. Namwogopa baba akinitazama, na zaidi namwogopa mama asiponilaumu. Nikiwa huku nilijiambia kwamba ugomvi wao ni wao. Sikujua kuhusu lile neno "mimi."

Nakuja. Waambie chuo ndiyo. Jumamosi tarehe 28 Juni, basi la usiku kucha linaloingia huko adhuhuri. Usiniulize zaidi, nisije nikabadili mawazo kabla sijafunga bahasha.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu, nuru ya nyumba,

Ningekutumia keki, lakini ingefika unga. Nimesoma barua yako nikamkumbatia mama, mama akauliza kulikoni, nikamwambia. Nikaenda karakana nikamwambia baba. Baba akakaa juu ya kopo la rangi lililo wazi. Suruali ile ameitundika ukutani, hataki ifuliwe.

Tangu siku hiyo hapakaliki. Chumba chako baba amekipaka kijani, mama akasema (kupitia kwangu) kijani kinatisha, baba akakipaka njano, mama akakipa tisa. Tisa! Haijawahi kutokea. Baba alitembea siku nzima kifua mbele.

Lakini kila mmoja anataka kukuona wa kwanza. Juzi baba ananivuta pembeni: "Mwambie mama yako mtoto anakuja Jumapili." Sijafika jikoni, mama ananivuta: "Mwambie baba yako mtoto anakuja Jumatatu." Nikapeleka uongo wote wawili, uso mkavu. Wameshukuru wote, kila mmoja akajifungia kucheka. Kuna njama humo ndani, na mara hii sijatumwa.

Begi langu limefungwa, liko chini ya kitanda. Kama nimewaambia? Hilo niachie mimi.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Shikamoo, mwanafunzi. Leo ndiyo siku yako ya kwanza darasani na mimi nakuandikia nikiwa kwenye meza ya jikoni, chini ya ubao unaosema CHUMVI ILIZIDI JUMANNE. Goti la mama linaendelea vizuri. Baba yuko mbele anaimba. Anaimba vibaya, na mama anamwambia hivyo. Anamwambia yeye mwenyewe! Subiri nianze mwanzo.

Unajua nilifika Ijumaa badala ya Jumamosi. Nilitaka nione kabla sijaonwa, ndiyo woga ulivyo. Nikakukuta mlangoni na begi. Ukanibusu, ukanipa funguo, ukasema, "Wametoka, sijui wapi, nakimbilia treni," ukapotea. Miaka tisa, na tumeonana dakika mbili! Nikabaki kwenye baraza kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sasa sikia walikokuwa, kama walivyokuja kunisimulia. Baba alikuaga anakwenda kununua turpentaini ya kuchanganyia rangi. Mama akakuaga anakwenda kwa daktari wa macho. Wote wawili walikuwa wanakwenda mji wa njia panda, saa mbili kutoka hapa, mahali basi langu linaposimama Jumamosi asubuhi. Kila mmoja alipanga apandie pale, akae na mimi peke yake, ateremke hapa nyumbani ameshanishika mkono. Na walikatiwa tiketi basi moja, viti vya kumi na nne na kumi na tano! Saa mbili goti kwa goti, baba anatazama dirisha, mama anatazama paa. Wakalala nyumba moja ya wageni, vyumba viwili.

Asubuhi basi likaja. Mimi simo, mimi niko nyumbani nakula mkate wenu. Baba akapanda, akakagua kiti kwa kiti, akainama hadi chini ya viti. Mama akapita nyuma yake akikagua tena, kama anasahihisha. Kondakta akaapa hana abiria huyo. Baba akashuka, akasimama mbele ya mama, na wewe hupo, dada. Hakukuwa na mtu wa kumwambia amwambie. Akasema, "Hayumo."

Mama akasema, "Tazama tena."

Akatazama tena. Aliporudi alikuwa analia, na mama akamwambia, "Safari hii umemfukuza kabla hajafika." Baba akasema, "Na wewe safari hii umefungua mlango gani?" Hapo ndipo bomba lilipopasuka. Waligombana njia nzima ya kurudi. Ya miaka tisa yote: mlango, bango, miwani, chumvi, sufuria. Basi zima liligawanyika, upande wa dereva kwa baba, upande wa pili kwa mama. Dereva alisimamisha gari ili asikie vizuri habari ya sufuria.

Nikasikia sauti zao kabla sijawaona. Wakaingia getini, mama mbele, vidole hewani. Nikasimama. "Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," wakajibu pamoja, bila kunitazama. "Subiri, mwanangu, hatujamaliza," akasema mama, wakanipita wakaingia jikoni.

Nilikaa kwenye baraza nikisubiri zamu yangu. Baada ya robo saa kukawa kimya. Kisha mama akapiga ukelele, "Yule nani?" Wakatoka mbio wakakwama mlangoni wote wawili, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Baba alinishika shingo kwa mikono miwili. Nilinusa rangi nikalia kama mtoto, sioni haya kukuandikia.

Halafu tukakaa kula, na baba, kwa mazoea, akageukia kiti chako. "Mwambie mama yako—" akaishia hapo. Mama akauliza, "Yuko wapi dada yako?"

Dada! Hukuwaambia! Ilibidi niwaambie mimi. Baba alisukuma sahani. Amesema urudi, treni si kazi ya kuondokea bila kuaga. Mama hajasema lolote, na unajua mama asiposema.

Na mimi nina la kukiri. Sikurudi kukaa moja kwa moja. Nina likizo ya wiki mbili. Tarehe 12 naondoka. Nilijua usingekwenda kama ningekuambia.

Mdogo wako


5 Julai

Wewe muongo mwenye upendo,

Wiki mbili! Nimeisoma barua yako bwenini, nikacheka pale pa basi, nikacheka pale pa baraza, nikafika mwisho nikataka kukuchapa. Nimeruka kitandani na kugonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Mwenzangu wa juu akauliza kama treni imegonga.

Habari za huku ni njema mno, ndiyo maana zinaniuma. Nimeshika breki ya kichwa cha treni. Imesimama kwa mkono wangu, tani zote zile! Mwalimu wetu ni mzee mkali asiyesifu mtu. Aliniambia, "Haya." Wenzangu wanasema hilo ni tuzo.

Sikuwaaga kwa sababu ningewaaga kila mmoja peke yake, halafu wangenituma. Mama angesema mwambie baba yako asikuruhusu, baba angesema mwambie mama yako ndiyo kosa lake, na mimi ningebeba kuondoka kwangu mwenyewe toka chumba hadi chumba mpaka Septemba. Nilijua nisingetoka.

Sheria ya chuo ni kwamba anayeondoka jina linafutwa, na kwa umri wangu halirudi. Nimekwisha kusema. Lakini ukiondoka tarehe 12 na wao wakarudia ukimya, siwezi kukaa huku nikijifunza honi na wao huko wanaungua. Nitarudi. Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya. Begi sijalifungua lote.

Dada yako


13 Julai

Dada yangu,

Shikamoo kutoka ghorofa ya tisa, nimefika leo asubuhi, jino limepona, lifti zimenikumbuka. Sikuzungushi. Fungua begi.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Siku tatu za mwanzo waligombana vizuri. Siku ya nne wakachoka, na nikaona ugonjwa unarudi. Asubuhi baba ananitazama mimi: "Mwambie mama yako chai iko wapi." Mama amesimama hatua mbili kutoka kwake! Nikainuka, nikatoka uani, nikafunga mlango. Nikasikia ukimya wa ajabu. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Mbao za karakana zikaguswa, nikajua anatafuta rangi, nikakata tamaa. Halafu nikasikia kelele: "Mama watoto! Chai iko wapi?"

"Iko mbele ya macho yako, na umevaa miwani miwili!"

Nilicheza uani peke yangu. Jirani aliniona.

Jioni hiyo baba akaleta karatasi, akasema atakuandikia amri ya kurudi. Mama akaishika ile karatasi. Akasema taratibu, si kwa ukali, "Yule mtoto tulimtuma miaka tisa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hatukuwahi kumuuliza amechoka." Baba akaiachia karatasi. Akasema, "Basi asirudi." Mama akamtazama. "Namaanisha asirudi kubeba. Kututembelea aje." Kisha akaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Siku ya kuondoka nilipita mlango wa mbele. Niliaga kwa sauti, adhuhuri, majirani wanasikia. Baba akachukua begi langu, nikamwambia niache, akasema nyamaza. Tulitembea hadi stendi, mama kulia, baba kushoto, wakibishana juu ya kichwa changu njia ipi fupi. Tulipita ile ndefu. Bango la mlangoni sikulitaja, naye hakulitaja.

Nilipopanda basi niligeuka kuwapungia. Walikuwa wameshaanza ubishi mwingine. Niliondoka na moyo mwepesi ambao sikuwa nao nilipoondoka mara ya kwanza, na nakuapia dada, hawakunipa ujumbe wowote nikuletee.

Mdogo wako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Habari za jino, za lifti, za ghorofa ya tisa? Mimi nimenenepa. Nimetimiza miaka thelathini na mitano, bweni zima likaniimbia, na yule mwalimu mkali akaleta ndizi moja.

Samahani nimechelewa. Nilikuwa nangoja jambo, na Jumatano limetokea. Tulipewa safari ya mazoezi, kichwa na mabehewa sita matupu, na njia yetu inapita kwetu. Niliwaandikia nyumbani saa na siku, nikasema haitasimama, msihangaike.

Mwalimu aliniachia mitambo kilomita arobaini kabla ya hapo. Tukakata kona, nikaiona stesheni yetu, na kwenye jukwaa watu wawili tu. Baba na mama. Baba ananyoosha kidole upande huu, mama ananyoosha upande ule. Walikuwa wanabishana treni itatokea upande gani, na hakuna hata mmoja anayenitazama! Mimi nakuja na chuma chote kile, na wao wako kwenye hoja.

Nikapiga honi. Kanuni ni mara mbili. Sikuhesabu.

Wakageuka wote kwa pamoja. Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mama aliinua mikono yote miwili, sijui alikuwa anapunga au ananiambia nipunguze mwendo. Nilitaka kusimama, mdogo wangu. Mkono wangu ulikuwa juu ya breki na nilitaka kushuka niwakumbatie, niwaulize wamekula nini. Nikauondoa mkono. Nilipita mbele yao nikilia na kucheka, na nilipotazama kwenye kioo cha pembeni walikuwa wameshageukiana tena, vidole hewani.

Tulikwenda kilomita nzima. Halafu mwalimu akauliza, "Unawajua wale wazee waliokuwa wanagombana?"

"Ni wazazi wangu."

"Pole sana," akasema.

"Usinipe pole, mwalimu," nikamwambia. "Wanaongea."

Dada yako